Lengo la wiki lifike nyumbani

Tangu Januari 2019, Kenya ilipoanza kutekeleza mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini, maazimio ya kazi ya mwalimu huonyesha, wiki baada ya wiki, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa, maswali dadisi na shughuli za ujifunzaji. Mwalimu mkuu huyakagua. Mzazi wa Likoni au Kisauni, Mombasa, ni nadra kuyaona.

Anachokiona ni agizo la usiku: kesho mtoto abebe picha za vyombo vya usafiri. Mama aliyetoka kazini, miguu ingali inamuuma kwa foleni ya feri, akimbilie saiba kuchapisha picha za rangi. Za nini, na kivuko kiko pale pale? Mtoto wa Likoni anaweza kuhesabu magari yanayoshuka kwenye feri moja, na wa Changamwe ndege zinazotua Uwanja wa Moi. Kesho yake darasa lilinganishe hesabu. Shughuli hiyo haigharimu hata shilingi.

Kwa hiyo shule ziandike lengo moja la kila somo kwa Kiswahili chepesi, Jumatatu, nyuma ya daftari: wiki hii mtoto aweze kusoma aya hii bila kukwama. Ijumaa nyumbani wamsikilize.

Jambo hili si dogo. Katika matokeo ya Gredi ya 6, tathmini za shuleni, zinazoanza Gredi ya 4, zimepangiwa asilimia 60, na mtihani wa kitaifa wa KPSEA, ulioanza 2022, asilimia 40. Mzazi anayesubiri mtihani amechelewa miaka miwili.