Mapenzi ya Wino

Upweke wa mtumishi aliyehamishwa si sawa na upweke wa mfiwa. Mtumishi huyu ana mshahara, ana afya, na majirani humsalimu kila asubuhi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia jambo lisilo la kazi. Mfikirie mwalimu kijana wa pwani aliyepelekwa Nyashimo katika miaka ya 1970, wakati pale pakiwa bado katika Mkoa wa Mwanza, kabla ya Wilaya ya Busega na Mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Kisukuma hakijui. Mabasi ya Musoma yanapita, ziwa liko jirani, jioni ni ndefu. Jumapili anafungua gazeti, anasoma shairi la mtu asiyemjua, na chini ya jina anaona namba ya Sanduku la Posta. Anachukua kalamu.

Kurasa za mashairi, tangu zile za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, zilikuwa baraza la watu wasioonana: mmoja huuliza kwa beti, mwingine hujibu kwa vina vilevile. Tena shairi lina faida isiyo katika barua tupu. Mizani minane kwa minane humlazimisha mtu kupima neno kabla ya kulituma, na tamaa ya usiku mmoja mara nyingi hupoa ubeti wa pili haujakamilika. (Ujumbe wa simu wa siku hizi haumpi mtu nafasi hiyo.)

Lakini si kila mtu aliweza kuandika. Mikoa ya Ziwa ndiyo iliyojaribiwa kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO, kuanzia mwaka 1968 hadi 1972. Mwanamke aliyehitimu kisomo kile aliweza kufungua bahasha yake bila kumwita kaka yake amsomee. Hilo si jambo dogo, kwani penzi linalosomwa na mtu wa tatu halina siri: mwandishi humeza maneno mengine, na msomaji naye huruka mengine kwa makusudi.

Hata hivyo, bahasha haionyeshi yote. Mwandishi huchagua saa yake njema; hukuandikia akiwa ameoga, ameshiba, na taa ina mafuta. Humwoni akidaiwa dukani wala akimkaripia mtoto. Mwaka mzima wa barua waweza kupita, nawe hujui bado kama wampenda mtu au wapenda mwandiko wake.

Kwa hiyo, wewe mwenye mchumba wa kalamu, au wa simu, kabla barua ya posa haijawafikia wazee na ng'ombe hawajaanza kuhesabiwa, panda basi. Nenda na shangazi au rafiki, na uende siku ya kazi, si ya sikukuu. Tazama anavyoitika anapoitwa na mamaye. Zungumzeni habari ya mshahara, ya dini, na ya nani atahama kumfuata mwenzake. Huenda mkaona haya, hata mkakosa la kusema, ninyi mliojaza kurasa nane kila juma. Usikikimbie kimya hicho. Keti nacho hadi chai iletwe.