Nyigu wa Tahiti

Wiki hii mawazo yangu yamekuwa Tahiti, kwa sababu ya nyigu asiyefika urefu wa milimita mbili.

Mwaka 1999 kisiwa hicho cha Polinesia ya Kifaransa kilivamiwa na mdudu mfyonzaji aitwaye Homalodisca vitripennis, mwenye asili ya kusini-mashariki mwa Marekani. Chakula chake ni maji yapandayo kutoka mizizini. Maji hayo yana lishe haba, hivyo hulazimika kufyonza mengi mno na kuyatoa mfululizo. Wakazi walimwita nzi mkojozi, na hawakumsingizia: aliyepita chini ya mwembe mchana wa jua kali alilowa. Usiku wadudu hao walifuata taa hadi ndani ya nyumba. Katika kisiwa cha pili, Moorea, buibui waliowala walikufa.

Ndipo akaletwa nyigu wangu, Gonatocerus ashmeadi, ambaye siku hizi wataalamu humweka katika jenasi ya Cosmocomoidea. Jike hutafuta mayai ya mfyonzaji, yaliyofichwa chini ya ngozi ya jani, na kutaga yai lake ndani ya yai la mwenyeji. Anayeanguliwa humo ni nyigu. Binadamu hamgusi. Kati ya Mei na Oktoba 2005 waliachiwa nyigu 13,786 katika maeneo 27 ya Tahiti. Kufikia mwisho wa Desemba, wafyonzaji walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Miezi saba tu! Nimeisoma taarifa hiyo mara kadhaa, na kila mara nafurahi upya.

*

Lakini kinachonipa imani zaidi ni kazi iliyotangulia: watafiti walipima kwanza kama nyigu huyo angewadhuru wadudu wenyeji. Tahiti ilikwisha kuumia. Mwaka 1974 aliletwa konokono mla konokono, Euglandina rosea, ili amalize konokono mkubwa wa Afrika, ambaye asili yake ni huku kwetu pwani ya Afrika Mashariki. Wa kwetu alisalimika. Walioliwa ni konokono wadogo wa jenasi ya Partula, wenyeji wa visiwa hivyo, na spishi nyingi zao zikatoweka kabisa porini. Anayeleta mdudu wa kumla mdudu bila kupima kwanza anacheza kamari na mali isiyo yake.

*

Tena si kila nyigu hulazimika kuletwa kutoka mbali: California wana nyigu wa jenasi nyingine, Anagrus, anayetaga katika mayai ya wafyonzaji wa mizabibu. Yai lililoingiwa hubadilika rangi na kuwa jekundu. Tatizo lake ni majira ya baridi: wafyonzaji wa mizabibu hupitisha miezi hiyo wakiwa wazima, hawatagi, naye nyigu hana pa kuweka uzao. Katika miaka ya 1960 Richard Doutt na John Nakata walionyesha kwamba hujihifadhi kwenye vichaka vya miiba vya beri nyeusi kando ya mito, katika mayai ya mfyonzaji mwingine asiyedhuru zao lolote.

Nawaomba watafiti wa mizabibu ya Dodoma watuambie vichaka vya kwetu vinahifadhi nani. Na mkulima, kabla hujawasha moto pembezoni mwa shamba au kujaza bomba la dawa, geuza majani machache uyaangalie kwa lenzi.