Mungu hahitaji shahidi wa kukodi

TUSEME UKWELI
Na Zuhura Mkwizu

Ikifika Ijumaa na Jumapili simu zetu hujaa mawaidha, na siku hizi yapo ya aina moja yanayopendwa sana. Sheikh anaisoma aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa, inayoeleza kwamba mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, halafu anauliza ni nani aliyempa Mtume habari za mlipuko mkuu karne kumi na nne zilizopita, kabla ya darubini za Wazungu. Kwenye kundi jingine mchungaji anafungua Mwanzo sura ya kwanza, anafika pale Mungu alipoamuru nuru iwepo, anafunga kitabu na kutangaza kwamba wanasayansi wamefika, ila wamechelewa. Huku takbiri, kule amina.

Nawaelewa wanaoshangilia. Wengi wetu tulisoma fizikia na dini katika shule moja, wiki moja, na hakuna mwalimu aliyethubutu kutuambia vinakutana wapi. Muumini aliyezoea kuonekana mshamba mbele ya wasomi akisikia kwamba maabara imekubaliana na msahafu, lazima moyo umtulie. Lakini yuko mtu mmoja ambaye angewaomba wahubiri hawa wapunguze sauti, na mtu huyo ni padri. Tena ndiye mwenye nadharia yenyewe ya mlipuko mkuu.

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza upande wa mizinga, akapata upadri mwaka 1923, kisha akaenda Cambridge kusoma kwa mwanaastronomia Arthur Eddington na baadaye Marekani. Mwaka 1927, akiwa anafundisha Louvain, alichapisha makala ya Kifaransa katika jarida ambalo wakubwa wa fani hawakuwa wakilisoma. Alizichukua hesabu za Einstein, akaziweka pamoja na vipimo vya galaksi zinazozidi kwenda mbali nasi, akahitimisha kwamba anga lenyewe linatanuka. Mwaka huohuo walikutana Brussels. Einstein hakuona kosa katika hesabu zake, ila fizikia yake aliikataa katakata. Miaka miwili baadaye mwanaastronomia Edwin Hubble alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokwenda kasi. Mwaka 2018 wanaastronomia wa dunia walipiga kura kupendekeza kwamba kanuni hiyo iitwe ya Hubble na Lemaître.

Kama ulimwengu unatanuka, basi jana ulikuwa mdogo kuliko leo, na juzi mdogo zaidi. Mei 1931 Lemaître aliandika barua fupi katika jarida la Nature akipendekeza kwamba vyote vilitokana na kitu kimoja, mfano wa atomu, kilichogawanyika na kuendelea kugawanyika. Rasimu ya barua hiyo, iliyopigwa taipu, imehifadhiwa hadi leo. Mwishoni ina aya ambayo wasomaji wa Nature hawakuiona. Lemaître anasema humo kwamba anayemwamini Mungu huamini pia kuwa Mungu amefichika, na huenda akafurahi kuona jinsi fizikia ya sasa inavyoweka pazia mbele ya uumbaji. Aya hiyo ameichora mistari, ameikata.

Hebu tuitazame aya hiyo vizuri. Hata kabla ya kukatwa, haisemi kwamba fizikia imemwonyesha Mungu. Inasema fizikia imeweka pazia. Na bado padri aliona haifai kukaa pale, kwa sababu haikutoka katika hesabu zake. Alikuwa na nafasi ya kumtaja Mungu katika moja ya majarida makubwa ya sayansi duniani, akaiacha kwa hiari yake, na upadri wake akabaki nao mpaka kufa.

Miaka ishirini baadaye wakubwa wake hawakuwa na subira kama yake. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pio XII, akihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, alisema kwa furaha kwamba sayansi ya wakati ule ilikuwa imerudi nyuma hadi kuishuhudia ile nuru ya mwanzo, na kwamba Muumba yupo. Lemaître, mwanachama wa taasisi hiyohiyo, hakufurahi. Inasimuliwa kwamba yeye na mkurugenzi wa kituo cha Vatikano cha kuchunguza nyota walilifikisha jambo hilo kwa utulivu kunakohusika. Septemba 1952 Papa alipowahutubia wanaastronomia waliokusanyika Roma, dai lile halikurudi.

Na bora halikurudi. Kwa vipimo vya wakati ule, umri wa ulimwengu ulikuwa ukitoka miaka bilioni 2 hivi, wakati miamba ya dunia ilikuwa ikionyesha umri mkubwa kuliko huo. Mtoto kamzidi mama umri! Katika mkutano huohuo wa Roma, mwanaastronomia Walter Baade alieleza kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekadiriwa nusu tu ya ulivyo, na umri wa ulimwengu ukaongezeka maradufu. Leo tunaambiwa ni miaka bilioni 13.8. Sayansi hufanya hivyo kila siku, na si aibu kwake, maana kujisahihisha ndiyo kazi yake. Ila aliyeitundika imani yake kwenye namba ya 1951 angelazimika kuitundua mwaka uliofuata.

Hapo ndipo penye kosa la mawaidha ya simu. Mwanasayansi unayemwita mimbarani leo ni shahidi wa kukodi: akikufaa unamshangilia, kesho akibadili maelezo huna pa kumpeleka. Wapo wanafizikia wanaochunguza kama kabla ya mlipuko mkuu kulikuwa na hali nyingine. Wakifaulu, je, Mungu atakuwa amefukuzwa? Thoma wa Akwino alilijibu hilo katika karne ya 13. Alifundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo, jambo hilo hushikwa kwa imani, na hata ulimwengu usio na mwanzo ungemhitaji Muumba wa kuushikilia.

Waislamu nao wana kisa kilicho wazi zaidi. Mwaka wa 10 Hijria, Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume, alifariki Madina, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limemlilia. Baba aliyetoka kuzika angeweza kunyamaza tu, na muujiza ungejitangaza wenyewe. Mtume aliwakatalia. Aliwaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, basi wakiona hivyo waswali. Baadaye Imam Ghazali, katika kitabu alichoandika kuwapinga wanafalsafa, alionya kwamba anayebishana na hesabu za kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, huidhuru dini hiyo.

Wasioamini nao wasicheke bado. Mwanaastronomia Fred Hoyle wa Cambridge, ambaye ndiye aliyeipa nadharia hii jina la mlipuko mkuu redioni BBC mwaka 1949, aliupinga mwanzo wa ulimwengu mpaka uzeeni, na hakuficha kwamba harufu ya dini ilimkera. Mwaka 1964 wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson, kule New Jersey, walisikia kwenye antena yao mvumo usiokoma kutoka kila upande wa anga. Walidhani ni njiwa waliojenga humo, wakawaondoa na kusafisha kinyesi chao, mvumo ukabaki palepale. Ulikuwa mabaki ya joto la ulimwengu mchanga, ambayo sasa yamepoa hadi nyuzi 270 hivi chini ya sifuri. Habari hiyo ilimfikia Lemaître akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla hajafariki Juni 1966. Chuki ya Hoyle kwa dini haikuuzima mvumo ule, kama ambavyo upadri wa Lemaître haukuuwasha.

Atakayesema kwamba ninaitenga dini na ulimwengu ananionea. Muumini ana haki ya kutazama picha za galaksi na kumsifu aliyeziumba, na ni sifa nzuri. Ninachokataa ni kuigeuza sifa hiyo cheti cha maabara. Mwanafunzi wa kidato cha nne akiuliza kama ulimwengu uliumbwa au ulilipuka, mwalimu asimkaripie wala asimcheke. Amwambie kwamba fizikia itamweleza ulimwengu ulikuwaje mchanga na umekuaje, na itamwonyesha vipimo. Kwa nini upo badala ya kutokuwepo, hilo akamuulize sheikh wake au padri wake. Nao, tafadhali, wamjibu kwa elimu yao wenyewe.