Maji Yaliyojificha Ndani ya Mafuta

Kila mpishi wa pwani ajua kwamba mafuta na maji yaweza kukaa nyumba moja. Tui la nazi ni nini, kama si mafuta yaliyovunjwavunjwa yakawa matone madogo mno, yakaelea ndani ya maji? Likikorogwa kwa uangalifu juu ya moto mdogo hubaki jeupe na zito. Likiachwa litokote ovyo, lakatika, na mafuta yajitenga juu. Twaanza kwa tui kwa sababu jambo tunalotaka kulisema leo hudhaniwa kuwa la mainjinia peke yao. Sivyo. Lamhusu kila mwananchi ambaye shamba lake, kijiji chake au kodi yake imeguswa na bomba la mafuta ghafi.

Mabomba si mageni kwetu. Tangu mwaka 1968 bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, latoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kwa miaka mingi lilipeleka Zambia mafuta ya kwenda kusafishwa, na mwaka 2023 likageuzwa kupeleka dizeli. Sasa liko jingine, la kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani karibu na Tanga: kilomita 1,443, na katika hizo 1,147 ziko katika ardhi ya Tanzania. Lapita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Upana wake ni inchi 24, nalo limekusudiwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku. Serikali yetu, kwa njia ya Shirika la Maendeleo ya Petroli, ina asilimia 15 ya hisa zake. Basi sisi si watazamaji. Tu wenye mali, ingawa mali yenyewe ni ndogo kuliko ya wageni.

Yafaa kujua kwanza kwamba mafuta hayakai peke yake chini ya ardhi. Hukaa pamoja na hewa na maji ya chumvi, na yote hupanda pamoja kisimani. Njiani husukumwa katika matundu membamba na vali, yakachafuka vibaya sana. Maji huvunjika yakawa matone yasiyoonekana kwa macho, na kila tone huvikwa ngozi nyembamba ya vitu vizito vilivyomo katika mafuta, vinavyoitwa asfaltini, pamoja na chembe za nta na udongo. Ngozi hiyo huyazuia matone yasiungane. Hapo ndipo tui limepinduliwa: si mafuta ndani ya maji tena, bali maji ndani ya mafuta.

Mtu atasema, maji ni mepesi kumiminika, basi yakiingia katika mafuta mazito yatayalainisha. Ndivyo akili idhanivyo, na ndivyo inavyokosea. Kila tone linaloongezwa ni kizuizi kipya ambacho mafuta hayana budi kukizunguka. Maji yakiwa machache mnato hupanda kidogo. Yakizidi, hupanda kwa kishindo, hata mchanganyiko ukaweza kuwa mzito mara kumi na zaidi ya mafuta makavu. Pampu iliyotosha jana leo yalia. Kisha, maji yakipita kiwango fulani, aghalabu baina ya nusu na robo tatu, mambo hugeuka ghafula: maji yawa ndiyo bahari na mafuta ndiyo matone, na mnato waporomoka. Wako waliojua kuitumia tabia hii. Wamarekani wawili, Isaacs na Speed, walipata hati ya ubunifu mwaka 1904 kwa njia ya kuyapitisha mafuta mazito katikati ya bomba huku maji yakiyazunguka pembeni kama grisi. Na Venezuela kwa miaka kadhaa iliuza lami yake nzito ya bonde la Orinoco ikiwa imevunjwa ndani ya maji, sehemu 70 za lami kwa 30 za maji, ili iweze kumiminika na kuchomwa katika mitambo ya umeme. Maji si adui, basi, kwa mwenye kuyatia kwa kusudi na kwa kipimo. Adui ni maji yasiyohesabiwa.

Ndiyo sababu ya kuyatoa kabla ya safari. Mafuta hupashwa moto, hutiwa dawa ya kuichana ile ngozi ya matone, kisha huachwa yatulie katika matangi makubwa, au hupitishwa penye nguvu za umeme zinazoyavuta matone hadi yaungane. Ufundi huu wa umeme si wa jana: Frederick Cottrell aliuanzisha California zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Desturi ya biashara ni kwamba mafuta yaingie bombani yakiwa na maji na takataka zisizozidi kama nusu ya asilimia moja.

Nusu ya asilimia yasikika kama si kitu. Na tuifanyie hesabu. Katika mapipa 216,000, nusu ya asilimia ni mapipa 1,080 ya maji kila siku, na kwa mwaka mzima ni mapipa 394,200, yanayopashwa moto na kusukumwa toka Uganda hadi baharini kwa gharama ile ile ya mafuta. Lakini gharama ndiyo sehemu ndogo ya shauri hili. Hatari hasa iko katika mwendo. Mafuta yakienda kwa kasi, msukosuko wake huyabeba matone, na chuma cha bomba hulowa mafuta tu. Mwendo ukipungua matone hushuka, hukutana, yakafanya kijito chembamba sakafuni mwa bomba, na mahali pa mabondeni hugeuka kidimbwi kisichosogea. Maji hayo yana chumvi na kaboni dayoksaidi, na chini ya tope lake huzaana bakteria wasiohitaji hewa. Hapo chuma huliwa kutoka ndani, pasipo mtu kuona.

Mfano wake mkubwa watoka Alaska. Kisima kikubwa cha Prudhoe Bay kilianza kupeleka mafuta mwaka 1977, na mabomba yake yalipimwa kwa wingi wa mafuta ya ujana wake. Miaka ilipopita mafuta yalipungua, maji ya visimani yakaongezeka, na mwendo ndani ya yale mabomba mapana ukawa wa kobe. Tope na maji vikatua. Kifaa cha kuchunguza unene wa chuma, ambacho mafundi hukiita pigi na husukumwa ndani ya bomba toka mwanzo hadi mwisho, hakikupitishwa katika bomba moja la inchi 34 tangu mwaka 1998. Mwezi Machi 2006 galoni zaidi ya 200,000 zilimwagika juu ya theluji kupitia tundu la robo inchi kwa nusu inchi. Na nani aliyegundua? Si mtambo wala si ofisi. Ni mfanyakazi aliyekuwa zamuni, akasikia harufu ya mafuta. Uvujaji ulikuwa umekwisha dumu siku kadhaa. Mwaka uliofuata kampuni ya BP ilikiri kosa mahakamani na kulipa dola milioni 20.

Sisi twaomba msomaji aitazame habari hiyo kwa makini, maana haikutokea katika nchi maskini wala kwa watu wasiojua kazi. Ilitokea kwa sababu bomba lilizeeka, faida ikapungua, na kusafisha kukaonekana ni gharama inayoweza kungoja.

Sasa turudi kwetu. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, nayo hugandamana yakipoa. Ndiyo maana bomba la Tanga limekusudiwa kuwekwa katika joto la nyuzi 50 na zaidi kwa njia yake yote. Moto huo wahitajika. Lakini ndio huo huo unaopunguza mnato, na mafuta mepesi hulidondosha tone la maji upesi kuliko mafuta mazito. Na kutu nayo hupenda joto. Katika miaka ya mwanzo, mafuta yakiwa mengi na mwendo ukiwa wa kasi, hatuoni sababu ya kutishana. Hofu yetu ni ya miaka ya baadaye, visima vitakapoanza kutoa maji kuliko mafuta, na mapipa 216,000 yatakapokuwa nusu yake ndani ya bomba lile lile la inchi 24. Wakati huo wengi wa waliotia sahihi mikataba ya 2021 watakuwa wamestaafu. Mkulima wa Singida atakuwa yuko pale pale.

Kwa hiyo twataka kipimo cha maji kichukuliwe mwanzo wa bomba huko Uganda na tena Chongoleani, maofisa wa Serikali wakiwapo, na hesabu yake itangazwe kama itangazwavyo bei ya pamba. Ratiba ya pigi isiachwe mikononi mwa mwenye kuhesabu faida peke yake. Iwe sharti la leseni, nayo izidi kukazwa kadiri mwendo unavyopungua, badala ya kulegezwa. Vijana wetu wafundishwe kazi ya maabara na ya kulinda chuma, maana kuchimba mtaro kwaisha siku mtaro unapofukiwa, na kazi hizi zitadumu muda wote bomba litakapokuwa hai.

Na katika kila kituo cha pampu, toka mpakani hadi Tanga, iandikwe wazi ni nani mfanyakazi au mwanakijiji anayesikia harufu ya mafuta ampigie simu, saa yoyote ya usiku, na ni saa ngapi zisizozidi kabla ya mtu kwenda kutazama.