Sketi ya kiume? Muulize babu yako

Najua nimekuwa kimya wiki mbili hizi. Testi zimebana, boom limechelewa, hata hamu ya kuandika ilikuwa imekata. Leo nimerudi na mada iliyotuweka kwenye kimbweta mpaka saa tano usiku, na kwa kweli bado inaniwasha: eti mwanaume kuvaa sketi.

Chanzo chake ni picha. Mshkaji mmoja alikuwa anatuonyesha picha ya Brad Pitt, ile ya Julai 2022 kule Berlin, alipokwenda kwenye uzinduzi wa filamu yake akiwa amevaa sketi ya kitani na mabuti. Alipoulizwa kulikoni, akajibu ni kwa ajili ya upepo tu. Basi kimbweta kizima kikalipuka. Huyu anasema dunia imekwisha, yule anasema Wazungu wamechanganyikiwa, mwingine akafunga kazi: "Hiyo kwetu haiji ng'o!"

Mimi nikacheka peke yangu. Haiji vipi wakati ilikuwapo kabla ya suruali? Msimamo wangu ninauweka mezani mapema ili asiwepo wa kusema hakunielewa: hapa kwetu mwanaume kavaa kitambaa cha kuzungushia kiunoni miaka nenda rudi. Tatizo letu ni kwamba tunamcheka Mzungu kwa nguo ambayo baba zetu wanaivaa, halafu baba zetu wenyewe tunawazuia mlangoni.

Tuanze na hao wa majukwaa ya mitindo. Mbunifu wa Ufaransa, Jean Paul Gaultier, alipandisha wanaume wenye sketi jukwaani Paris katika mkusanyo wake wa mwaka 1985, na magazeti yakapiga kelele kama sisi pale kimbwetani. Mwaka 2002 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London likafanya maonyesho mazima kuhusu wanaume na sketi, na mwaka 2003 yakafuata ya Metropolitan Museum, New York. Sasa sikia hii. Kim Jones alipoanza kubuni nguo za kiume za Louis Vuitton, mkusanyo wake wa kwanza, wa mwaka 2012, ulijaa mirabaraba ya shuka la Kimasai. Yaani kitambaa kile kile kinachopita hapa barabarani nyuma ya ng'ombe kilikwenda Paris, kikapigiwa makofi, na bei yake huko sitaki hata kuiwaza nikiwa na njaa hii ya mwisho wa mwezi.

Ambao hamjawahi kufika kwetu Mikese, ni kilomita kama 30 kutoka Morogoro mjini ukielekea Dar, pale kwenye mizani ya malori. Njooni siku moja mkae kwenye benchi mbele ya duka mhesabu. Mzee anatoka kuswali, amevaa kanzu na ndani yake kajifunga msuli. Mwingine kakaa barazani na msuli wa mirabaraba na singlendi, anapiga soga. Kijana wa Kikwavi anakatiza na lubega lake jekundu, fimbo begani na sime kiunoni. Dereva wa lori kashuka kwenda kuoga, kajifunga kikoi, taulo shingoni. Katika hao wote hakuna hata mmoja anayechekwa, na hakuna anayedhani kapungukiwa uanaume. Ukimwambia yule wa sime kwamba amevaa sketi, mimi sipo.

Na haiishii Mikese. Wahehe wana mgolole wao. Pwani yote kuanzia Lamu mpaka Kilwa ni vikoi na misuli. Ndugu zetu wa Somalia wana macawiis. Wale walioko Oman, wengine wanazungumza Kiswahili kuliko sisi wa chuo, chini ya kanzu wanajifunga wizari. Waskoti nao na kilti yao mnaijua. Sisi wenyewe wavulana tuliopita jandoni, siku zile za kidonda tulivaa nini? Kanga ya mama au msuli wa baba! Siku ya kuambiwa sasa umekuwa mwanaume ndiyo siku uliyovalishwa kitambaa bila suruali. Tafakarini hilo taratibu.

Wengine mtasema msuli ni msuli, sketi ni sketi. Hapo sawa, nawakubalia nusu. Kila nguo ina desturi yake, na sketi ya marinda ya dada zetu hapa kwetu imebaki nguo ya kike. Sijaja kumwambia mtu aivae akaingie nayo lekcha. Lakini tuwe wakweli, kinachotutisha pale ni jina zaidi. Kitambaa kimezunguka kiuno, kimeshuka mpaka chini ya goti, hakina miguu miwili. Kikiitwa msuli tunasema mzee ana heshima zake. Kikiitwa sketi tunasema dunia imekwisha. Na hayo majina yenyewe ni ya kuazima: sketi tumeichukua kwa Waingereza, suruali tumeipata kwa Waarabu, nao wakaitoa Uajemi. Sasa nani amlinde nani na utamaduni wa kigeni?

Hapa ndipo panaponiuma. Hii dharau kwa kitambaa cha kiume ina historia, na ilianzia juu. Mwaka 1967 na 1968 serikali mkoani Arusha iliendesha operesheni ya kuwavalisha Wamasai "nguo za kisasa". Lubega likaonekana ni aibu ya taifa changa, watu wakaambiwa wavae suruali na shati, na wenye lubega wakakataliwa hata kupanda mabasi. Kilichofuata ni kichekesho kabisa. Tarehe 1 Januari 1969 ikaanza Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, safari hii dhidi ya sketi fupi za akina dada, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, kwa hoja kwamba ni utamaduni wa kigeni. Yaani Mmasai kakosea kwa kuvaa ya kwao, dada wa Dar kakosea kwa kuvaa ya wageni. Katikati kikabaki kipimo kimoja tu cha mtu mstaarabu: suruali ya kadiri na shati. Na hilo shati limetoka wapi, Uluguru?

Mtasema hayo ni ya zamani. Haya, chukueni la juzi. Rafiki yangu mmoja, Mkwavi wa huku kwetu, alikwenda na baba yake kwenye ofisi moja mjini kufuatilia karatasi za shamba. Mzee katoka nyumbani kajipanga: mashuka mawili mapya, shanga, viatu vya matairi, fimbo. Hapo kwa akili yake amevaa suti. Mlangoni wakamwambia vazi hilo si la ofisini, asubiri nje, kijana aingie peke yake. Mzee kakaa chini ya mwarobaini saa nzima na nusu. Na aliyemwekea kiti pale nje ni mlinzi wa ofisi hiyo hiyo, Mmasai mwenzake, naye yuko ndani ya lubega! Kulinda ofisi lubega linafaa, kwa sababu wezi wanaliogopa. Kuhudumiwa ndani ya ofisi halifai. Rafiki yangu aliponisimulia alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa hayacheki. Kwa watu kama mzee yule hii si mada ya kimbweta. Ni saa nzima na nusu ya kuambiwa kwamba yeye si mtu kamili mpaka abadilishe nguo.

Ndiyo maana huyo rafiki yangu hapa chuoni hujawahi kumwona na lubega, labda siku ya ngoma za makabila. Siku hiyo tunapiga naye picha, tunasema utamaduni wetu oyee. Kesho yake akivaa hivyo hivyo kwenda maktaba tunamuuliza kama anauza dawa za mizizi. Jamani!

Kuna hoja nyingine ya kwamba ofisi lazima iwe na utaratibu. Nakubali, iwe nao. Lakini kanuni za Bunge letu zinamruhusu mbunge mwanaume kuingia na kanzu, koti na kofia, na nchi haijaanguka. Mapadri wanavaa kanzu. Majaji wanavaa majoho. Na sisi hapa, siku ya mahafali, kuanzia mkuu wa chuo mpaka mhitimu wa mwisho, wanaume wazima tunapanga foleni ndani ya magauni mapana yanayofika kwenye kifundo cha mguu, mama zetu wanapiga vigelegele. Kumbe siku muhimu kuliko zote chuoni, mwanaume anavaa gauni! Utaratibu ukitaka nguo safi, inayositiri, isiyoonyesha ya ndani, msuli na lubega vinafaulu mtihani huo bila sapu. Kuna suruali za mlegezo humu kampasi zinafeli vibaya, na getini zinapita.

Sasa kwa haki niseme na kasoro. Msuli hauna mfuko, kwa hiyo simu na kitambulisho utavishika mkononi kama mishumaa. Kwenye bodaboda unahitaji kaptura ndani na dua. Ukifunga vibaya, upepo wa kutoka milimani utakuumbua mbele ya hosteli ya akina dada. Lakini Februari ya Morogoro mnaijua, mtu anaingia lekcha ya saa nane ndani ya jinsi nzito mpaka anaandika kwa jasho. Kwenye hilo la upepo Brad Pitt alisema kweli, ila wazee wa Mikese walimtangulia.

Ninachotaka ni kidogo tu. Sheria za mavazi, za vyuo na za ofisi, ziseme nguo isitiri na iwe safi, ziishie hapo. Zisitaje suruali kana kwamba mwanaume alizaliwa nayo. Na sisi wasomi, kabla ya kuwacheka wa Paris, tumwangalie kwanza mzee aliyesimama mlangoni. Sisi ndio tutakaokuwa maofisa wa kesho, wengine mwakani tu Mungu akipenda. Akija mtu na karatasi zake za shamba, msome karatasi.

Haya wadau, ngoja niwahi maji kabla hayajakatika. Kesho nina testi ya saa mbili, na hapa nilipo nimejifunga msuli. Anayetaka kubishana anajua kimbweta changu.