JUU YA KUCHAGUA RISASI YA BASTOLA



Mwenzetu mmoja, karani wa stoo wa miaka mingi, ametuletea swali lisilo la kawaida katika karatasi hii. Binti yake ni raia wa Marekani, akaa katika jimbo la Texas, na kazi yake ni uuguzi wa zamu. Hutoka hospitali saa saba za usiku, akaenda peke yake mpaka lilipo gari lake. Sasa ameazimia kununua bastola ya kuchukua kila siku. Tangu Septemba 1, 2021, sheria ya jimbo lile humruhusu mtu wa miaka 21 na zaidi, asiyezuiliwa na sheria nyingine, kuchukua bastola pasipo kibali. Baba hakubishana naye juu ya kununua. Hilo ameliona kuwa ni la binti mwenyewe. Alilotaka kwetu ni kuambiwa aina moja ya risasi, apate kumwandikia. Moyo wake umekwisha elekea kwenye risasi ya .45, kwa kuwa ni kubwa.

Tumelijadili jambo hili jioni nyingi, nasi twaona yafaa kulijibu hapa mbele ya wanachama wote, maana ndani yake mna habari ya ofisi moja kubwa ya Serikali, na kila karani ataitambua tabia ya ofisi hiyo.

Kwanza tueleze maneno. Watu wa bastola hupima risasi kwa upana wake, na upana huo huuita kaliba. Huko Marekani, risasi zinazoshindana katika maduka ni tatu: ya milimita 9, ya.40, ambayo ni kiasi cha milimita 10; na ya .45, ambayo ni kama milimita 11 na nusu. Tofauti ya kwanza na ya mwisho, basi, ni milimita mbili na nusu tu. Watu wazima wamegombana kwa ajili ya milimita hizo zaidi ya miaka mia.

Juu ya kuwa na kaliba moja, wala si mbili, hatudhani karani yeyote atatupinga. Mwenye stoo ajua taabu ya vitu viwili vinavyofanana na kuwekwa rafu moja. Risasi ya milimita 9 yaweza kuingia katika bastola ya .40, hata kulipuka humo, na ganda lake likapasuka kwa kuwa tundu ni pana mno. Mwenye bastola mbili za kaliba mbali mbali hana budi kutunza daftari mbili, na usiku wa hatari si wakati wa kusoma daftari.

Sasa, ni ipi? Wapendao .45 wana hoja ya zamani, nayo si ya kuchekwa. Jeshi la Marekani lilichagua bastola ya .38 mwaka 1892. Kisha likapigana katika visiwa vya Ufilipino, na wapiganaji wa Kimoro wakapigwa risasi zile wakazidi kuja na panga mkononi. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walitumwa kufanya majaribio, nao wakapiga risasi ng'ombe hai katika mazizi ya machinjio ya Chicago na maiti za watu pia. Wakatoa hukumu kwamba bastola ya askari isipungue .45. Mwaka 1911 ikapokewa bastola ya .45 aliyoibuni John Browning, ikakaa katika jeshi mpaka mwaka 1985, ndipo jeshi likahamia milimita 9.

Lakini Waingereza walikwenda njia nyingine, na hiyo yatuhusu kidogo, maana maofisa wa K.A.R. walichukua bastola zao. Webley yao ya kale ilikuwa ya .455, nzito kama nyundo. Baada ya vita ya 1914–1918 walikubali kwamba askari aliyefundishwa kwa siku chache hawezi kuitawala bastola ile, na mwaka 1932 wakaishusha mpaka .38. Hawakusema kwamba risasi ndogo ina nguvu kuliko kubwa. Walisema kwamba mkono wa mtu ndio uliowashinda.

Turudi Marekani, kwenye ofisi ile tuliyoitaja. Aprili 11, 1986, wapelelezi wanane wa idara iitwayo FBI waliwazuia wanyang'anyi wawili wa benki, Platt na Matix, katika mtaa mmoja wa Miami. Karibu dakika tano zilipopita, wapelelezi wawili, Grogan na Dove, walikuwa wamekufa, watano wamejeruhiwa, na wanyang'anyi wote wawili wamekufa. Mapema katika vita ile, risasi moja ya milimita 9 ilimpiga Platt, ikapenya mkono wake wa kuume, ikaingia kifuani, ikasimama kiasi cha inchi moja kabla ya kufika moyoni. Baada ya jeraha hilo, ambalo lingemuua tu baadaye, Platt aliendelea kupiga, na wapelelezi wale wawili wakafa kwa mkono wake.

Ofisi ililia, na ilikuwa na haki ya kulia. Kisha ikafanya kama zifanyavyo ofisi: ikatafuta cha kuandika katika safu ya sababu, ikaandika risasi. Platt alikuwa na bunduki ndefu ya .223, na wapelelezi karibu wote walipigana naye kwa bastola. Hilo halikuwa rahisi kuliandikia hati ya kununua kitu kipya. Ikaagizwa bastola ya milimita 10. Teke lake likawa kali mno kwa wengi, baruti ikapunguzwa. Mwaka 1990 watengenezaji wakaona kwamba kwa baruti iliyopunguzwa ganda lile refu halina kazi, wakalifupisha, na hapo ndipo ilipozaliwa .40. FBI iliipokea .40 mwaka 1997, na polisi wa miji mingi walikuwa wamekwisha ifuata. Mwaka 2014 chuo chake cha mafunzo kikaandika kwamba milimita 9 ndiyo ifaayo, na mwaka 2016 mkataba wa bastola mpya za kaliba hiyo ukatiwa saini. Miaka 30 tangu Miami, wakarudi mlangoni walikotokea.

Haikuwa bure yote, tuseme haki. Baada ya Miami waliweka kipimo: risasi ipigwe katika gundi nzito mfano wa nyama, nayo ipenye inchi 12 kwa uchache, na isizidi inchi 18. Watengenezaji wakajifunza kutengeneza risasi yenye shimo kwenye ncha, ambayo ikiingia mwilini hufunguka kama ua, wala haisimami njiani. Risasi ya milimita 9 ya leo si ile iliyosimama kifuani mwa Platt. Hiyo ndiyo hoja yetu kubwa dhidi ya .45: lile pengo waliloliona wazee limezibwa na kazi ya viwanda, na teke la .45 halijapungua.

Tena wanachama wasidanganywe na sinema. Hakuna risasi ya bastola imrushayo mtu nyuma. Hutoboa tundu tu. Isipofika kwenye ubongo au uti wa mgongo, mtu huanguka pale damu ipungukapo, na hilo huchukua muda. Kwa hiyo mahali ilipoingia risasi pana thamani kuliko upana wake, na risasi ya pili iliyofika upesi yashinda ya kwanza iliyokuwa nene. Hati ile ya FBI ya mwaka 2014 yasema kwamba polisi katika mapigano hukosa kati ya risasi 70 na 80 katika kila 100. Hao ni watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo! Bastola ya Glock 17 ya milimita 9 huchukua risasi 17. Dada yake ya.40 huchukua 15. Ile ya mwaka 1911 ya.45 huchukua 7. Na kwa kawaida milimita 9 ndiyo iliyo rahisi kwa bei, basi mwenye mshahara wa muuguzi aweza kufanya mazoezi kila mwezi pasipo kukopa.

Chini ya kaliba hiyo hatushauri kushuka. Ile ya .380 hupendwa kwa udogo wa bastola zake, lakini risasi yake mara nyingi au haifunguki, au hufunguka isifike inchi 12. Mtu asiye na nguvu ya kuvuta chuma cha juu cha bastola na achukue bastola ya gurudumu ya .38, huyo tu ndiye tunayemtoa katika kanuni yetu.

Jambo moja hatukuulizwa, nasi tutalisema. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa silaha za moto katika Marekani, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Binti huyu ana mtoto mdogo nyumbani, na kazi ya usiku huchosha roho. Kabla ya kuuliza kaliba, na anunue sanduku la chuma lenye kufuli, na bastola isiyo mwilini mwake ikae humo.

Tulipokuwa tukiandika haya, barua nyingine imefika kutoka Texas. Binti alikwenda mahali pa shabaha, akakodi bastola tatu, akapiga risasi 50 kwa kila moja, akamtumia baba yake picha za karatasi zote tatu. Matundu ya milimita 9 yafunikwa na kiganja. Ya .40 yataka sahani. Ya .45 yameenea karatasi nzima, na mengine yametoka nje. Mwenzetu ametuonyesha picha hizo ofisini, akaziweka mezani, akatazama ile ya tatu kwa muda, kisha akasema kwamba hata hivyo matundu yake ni makubwa.