Chupa ya Insulini Peke Yake Si Matibabu

Kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, tunaona yale yale: fulana za buluu, matembezi ya asubuhi, kiongozi anatobolewa kidole mbele ya kamera, kisha hotuba ya kutuasa tupunguze sukari kwenye chai. Sikatai nasaha hizo. Ninachokataa ni kuzitumia kufunika yanayotendeka wodini na kwenye dirisha la dawa siku ambazo kamera hazipo.

Niseme wazi: katika hospitali zetu nyingi tunagawa insulini, hatutibu kisukari. Insulini ni dawa ambayo muuguzi hufundishwa kuiogopa tangu chuoni. Dozi ikizidi, sukari inaporomoka: mgonjwa anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, anazimia, na asipowahiwa anaweza kufa. Ikikosekana, damu inajaa asidi, na mwenye kisukari aina ya kwanza anaweza kufa ndani ya siku chache. Dawa kali hivyo inadai mambo manne: sukari ipimwe kabla ya kudunga, bomba liwe la insulini, chakula kifike kwa wakati, na muuguzi apate nafasi ya kumwangalia na kumfundisha mgonjwa. Tunayatimiza mangapi?

Tuanze na chakula. Insulini ya haraka, ile iliyo angavu kama maji, hudungwa kama dakika 30 kabla ya kula. Sasa ingia kwenye wodi ambako mgonjwa analishwa na ndugu zake. Saa 12 asubuhi muuguzi wa zamu ya usiku anafuata chati, anadunga, anakabidhi zamu. Uji umo kwenye chupa ya chai, mikononi mwa dada wa mgonjwa, nje ya geti, na mlinzi amemwambia muda wa kuona wagonjwa bado. Dawa haimsubiri mlinzi. Dada anaporuhusiwa kuingia, anamkuta ndugu yake amelegea, shuka limelowa jasho, na lawama zote anabebeshwa muuguzi ambaye usiku kucha alikuwa peke yake na wodi nzima, wakati mafunzo yake yanataka dozi ya insulini ihakikiwe na mwenzake.

Bomba nalo? Insulini inayotumika sana ina uniti 100 katika kila mililita, na bomba lake limechorwa kwa uniti. Likikosekana, familia inaishia kutumia bomba la kawaida la mililita 2. Kistari kimoja cha bomba hilo ni mililita 0.1, yaani uniti 10. Bibi mwenye macho mazito akikosea kistari kimoja tu, amemzidishia mjukuu wake uniti 10. Na mtoto aliyeandikiwa uniti 4 atapimiwa vipi?

Mashine ya kupimia sukari ipo, vijiti vyake vimeisha, kanunue nje. Mkulima asiye na akiba anachagua kati ya vijiti na unga, na watoto wanamtazama. Anachukua unga, kisha anajidunga kwa kuhisi. Mzee naye anapewa glibenklamaidi ya mwezi mzima bila yeyote kumwonya kwamba figo zikichoka, vidonge hivyo vinaweza kumshusha sukari, ikapandishwa kwa glukosi, kisha ikashuka tena baada ya saa kadhaa. Anachoambiwa dirishani ni "kutwa mara moja".

Wataniambia fedha hazitoshi. Za kukata miguu na kusafisha figo zinatoka wapi? Wataniambia wagonjwa ni wabishi, wanakimbilia mitishamba. Mtu uliyemfundisha kwa dakika mbili, ukampa dawa asiyoweza kuipima, huna haki ya kumwita mbishi.

Januari 1922 huko Toronto, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa, alidungwa insulini akapata kuishi. Wavumbuzi wakaikabidhi Chuo Kikuu cha Toronto hataza yake kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isigeuzwe mali ya wachache. Imepita miaka zaidi ya 100, na sisi bado tunahesabu vijiti.

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kitita cha mafao kisitaje insulini peke yake. Kitaje pia vijiti, mabomba ya insulini na saa za muuguzi wa kufundisha wagonjwa, na Bohari ya Dawa ivisambaze pamoja na chupa hiyo hadi kituo cha afya cha kijijini. Hayo yanahitaji bajeti, na tutaendelea kuyadai. Lakini kumruhusu ndugu aingize uji wa mgonjwa wa insulini kabla ya sindano hakuhitaji hata shilingi. Kila mganga mfawidhi anaweza kutoa amri hiyo leo, kabla zamu ya usiku haijaingia.